Nafasi ya Mwitikiaji

Albamu ya kwanza ya mdogo wangu siipendi, na sitaki kushawishiwa. Nimeshawishiwa vya kutosha. Wateja wanaoniletea nguo za kupunguza kiuno wamenishawishi, mwenye nyumba amenishawishi, hata muuza mboga wa hapa Lurambi, ambaye kwa kawaida hana neno zuri kwa mtu yeyote, aliniambia yule binti ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Nikamwambia anikatie sukuma wiki aache porojo.

Sauti anayo. Sijawahi kusema hana. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisikia wakati bado ilikuwa ya kulilia uji, na mimi ndiye niliyeifunza kusimama. Kwa hiyo mtu asije akadhani naongea kwa wivu wa mtu asiyejua kuimba.

Tumezaliwa upande wa Butere, kwenye boma lililozungukwa na miwa pande zote, ukisimama mlangoni huoni barabara mpaka msimu wa kuvuna. Kina mama wa kanisa letu wana namna yao ya kuimba ambayo sijaikuta kwingine. Kila wimbo una mwanzishaji wake na mwitikiaji wake. Mwanzishaji anatupa mstari, mwitikiaji anaudaka peke yake, ndipo wengine wote wanaingia. Nafasi hizo hazichezewi. Mtu hupewa mbele ya wote, na akishapewa ni yake. Mama alikuwa mwitikiaji wa wimbo unaopendwa kuliko zote pale kwetu, mpaka kifua kilipoanza kumsumbua, akaniachia mimi nikiwa bado nasoma. Mdogo wangu alipopata akili kidogo wakampa uanzishaji wa wimbo huohuo, maana alikuwa akifungua mdomo hata wazee wa viti vya nyuma wanaacha kusinzia.

Yeye anauliza, "Nikichelewa kisimani, ni nani atanifuata?" Mimi najibu, "Nipo, ninakuja." Halafu anachelewa sokoni, anachelewa shambani, anachelewa kwa wakwe, na kila mahali mimi nipo, ninakuja. Wala haukuwa wimbo tu. Alikuwa mtoto wa kupotelea njiani, anasimama kuangalia mafundi wakirekebisha trekta hadi jua linazama, na aliyetumwa kumtafuta ni mimi, na aliyechapwa akichelewa ni mimi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu nafasi hizi, na bila hilo mengine hayaeleweki. Mwitikiaji akifa, siku ya kumzika wimbo wake unaimbwa na nafasi yake inaachwa wazi. Mwanzishaji anatupa mstari, kisha kimya. Kina mama wanainamisha vichwa. Hakuna anayekohoa. Nimeona hata wanaume waliofuata chakula tu wakivua kofia. Baada ya kuzika, kabla watu hawajanawa mikono kula, mwingine hupewa nafasi hapohapo, na wimbo unakuwa tena na watu wawili.

Sasa turudi kwenye huo umaarufu. Mdogo wangu alikuwa akiimba wikendi kwenye hoteli moja ya hapa mjini Kakamega, nyimbo zake mwenyewe, za Kiswahili, kwa mtindo wa soul. Mwaka jana akasikiwa na prodyuza kutoka Nairobi, kijana mwenye ndevu chache alizokuwa akizipapasa kama mtu aliyezinunua ghali. Akakodi chumba Amalemba, akakibandika magodoro kutani, akamwingiza mdogo wangu ndani na maikrofoni, akamwambia aimbe.

Hakuweza. Anaimba mstari, ananyamaza, anageuza kichwa upande wa kushoto. Anaambiwa aendelee, anaimba mstari mwingine, ananyamaza, anageuza kichwa tena. Prodyuza alidhani msichana ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anasubiri ajibiwe, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kuimba mstari ambao haukujibiwa, na pale hotelini walevi walikuwa wakimjibu.

Nikaitwa mimi. Nikafunga duka Januari, wakati wa sare za shule, na yeyote anayeshona nguo atakuambia kufunga Januari ni nini. Wazazi wa wanafunzi walinitukana kwa simu matusi ambayo sijayasahau. Nikasimama upande wake wa kushoto kwenye lile joto la magodoro, nikawekewa maikrofoni yangu, naye akaimba kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nyimbo zote za albamu ile tulizirekodi hivyo, yeye akiuliza na mimi nikijibu, na ule wa kisimani tukauimba wa mwisho. Prodyuza alilia. Nilimwona kwa macho yangu akijifuta na mkono wa shati.

Albamu ilipokuwa tayari alikuja nayo kwangu, kwenye simu, na keki na soda. Mama alikuwa akikaa nami kwa sababu ya matibabu ya mguu, na nyumba ya kijijini ilikuwa imefungwa. Tukakaa watatu. Akaanza na ule wa kisimani. "Nikichelewa kisimani, ni nani atanifuata?" Kimya. Kinanda kikadondosha sauti mbili tatu. Kisha mstari uliofuata, na kimya tena.

Niliichukua simu nikaitikisa.

"Imekwama," nikasema.

"Haijakwama, dada. Ndivyo ilivyo."

"Mimi niko wapi?"

Akaangalia keki. "Prodyuza anasema soul ni mtu mmoja na uchungu wake. Ukijibiwa, uchungu unaisha."

"Sijamuuliza prodyuza. Nakuuliza wewe."

Akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwenzake. "Dada, wewe ukiingia tu, watu wanasikia kanisa. Ulinisaidia kuitoa sauti. Sasa imetoka."

Sikumpiga. Nataka hilo lijulikane. Nilimwambia abebe keki yake aende, na alipoiacha niliwapa watoto wa mwenye nyumba. Mama alisugua goti lake. Kesho yake mdogo wangu akapiga simu, kesho kutwa akapiga, akawa anapiga asubuhi na jioni kuniomba niende kwenye uzinduzi. Nikaizima simu kabisa. Anayetaka kushonewa na aje kwa miguu yake.

Nikadhani yataishia hapo. Wapi. Ule wimbo ukasambaa, na kilichosifiwa, afadhali wangesifu chochote kingine, ni kile kimya. Vijana wanaokaa nje ya duka langu walikuwa wakiucheza kwenye spika, na wakifika pale wanashika vifua. "Hapo, buda! Sikia vile ananyamaza!" Mmoja akasoma kwa sauti maneno ya mtu fulani mtandaoni, kwamba msanii huyu amekomaa mapema, kwamba anajua thamani ya kutosema. Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu. Msichana niliyekuwa nikimpima gauni la mahafali akafumba macho, akasema, "Hapo ndio huniuanga kabisa." Nilimchoma na pini. Nikamwambia ni bahati mbaya.

Hawakuwa wanasifu kimya cha mtu yeyote. Walikuwa wanasifu shimo nilimotolewa. Nilikuwa najua ndani ya kile kimya kuna nini, najua ni pumzi ngapi, najua pale kwenye "ninakuja" sauti yangu ilipandia wapi, na nilikuwa nalazimika kukisikiliza kutwa nzima huku nikitia zipu kwenye suruali za watu.

Kisha redio moja inayotangaza kwa lugha yetu ikaanza kuucheza kila asubuhi, na asubuhi kule kwetu kila jiko lina redio.

Jumamosi ya uzinduzi mama aliamka akataka nguo yake ya bluu ipigwe pasi. Nikaipiga pasi, nikamwambia nitampandisha boda lakini mimi siendi. Nilikuwa naosha vyombo niliposikia kilio kinaanzia kule njia panda. Kilio cha wanawake wengi, kile cha kwetu hasa, kinachotangulia mwili. Nikajua ni jirani, mume wake alikuwa hoi kwa muda mrefu. Nikafunga leso kiunoni, nikaweka mikono kichwani, nikatoka nikilia. Kulia najua. Nikashuka ile njia nikipiga ukemi, na wale wanapanda wakipiga ukemi, na nyuma yao pikapu inakuja taratibu imebeba kuni, gunia la unga, ndizi mbichi, na kuku waliofungwa miguu.

Nikaona sare. Ilikuwa sare ya kina mama wa kanisa letu. Bado sikuelewa, nikazidisha kilio, nikidhani ni mtu wa kwetu kafia mjini. Tukaendelea kuliliana hivyo mpaka kukhu aliyetangulia, bibi mkubwa wa kwaya, aliponitazama usoni. Akanyamaza. Akaketi chini, barabarani, kwenye vumbi.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Ni mimi, kukhu."

"Wewe nani?"

Akanishika mkono akanifinya, kwa kucha, mpaka nikapiga kelele. Ndipo wengine wakaacha kulia, mmoja baada ya mwingine, na wa nyuma kabisa ambao hawakuona waliendelea peke yao kwa muda.

"Tulisikia kwa redio," akasema kukhu. "Mtoto anauliza, hakuna mtu anajibu. Jana yake pia, anauliza, hakuna mtu. Tukasema, basi, dada yake ameenda. Sasa ni nani ingine angeacha nafasi wazi hivyo?"

"Si mngepiga simu?"

"Tulipiga sana. Haikuwa inaingia." Akanitazama kama mjinga. "Na simu ya maiti huingianga wapi?"

Kuna waliofurahi. Walinikumbatia, mmoja alicheza palepale njiani. Lakini furaha ya namna ile haidumu. Mwingine akasema ameacha maharagwe hayajapaliliwa. Mwingine akasema amelia kutoka Butere mpaka hapa na sauti imemwisha kabisa, bure. Aliyekuwa na kuku akauliza, bila kumwuliza mtu hasa, "Na hizi ingokho sasa?" Wakanitazama wote, na naapa walinitazama kama mtu aliyewakosea kwa kuwa mzima.

Mama akatoka mlangoni na fimbo yake. Wakamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaegemea mwimo wa mlango, akasema tu, "Niliwaambia hawa watoto waongee."

"Nani alitoa mtu kwa nafasi?" akauliza kukhu.

"Mwanzishaji wake," nikasema. "Muulizeni yeye. Ana shughuli mjini leo."

Hawakungoja nimalize. Walimpakia mama mbele kwa dereva, wakapanda nyuma juu ya kuni, na mimi nikapanda nao. Nilikuwa nimesema siendi. Nilienda kwa roho mbaya, sisemi nyingine. Nilitaka kuuona uso wake.

Bawabu wa ukumbi alikataa kuku. Ikabidi waachwe nje, wamefungwa kwenye gurudumu la pikapu. Ndani kulikuwa na wageni wa Nairobi wananukia vizuri, wamejaza viti vya mbele, na kina mama wakasimama ukutani na sare zao zenye vumbi. Mama alipewa kiti pembeni, nikasimama karibu naye. Mdogo wangu akatoka amevaa gauni la rangi ya dhahabu. Halikushonwa na mimi, na pindo lilikuwa limepinda upande wa kushoto.

Aliimba nyimbo kadhaa macho yakiwa kwenye taa, wageni wakimwitikia kama wale walevi wa hotelini. Prodyuza alikuwa kando, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kinanda kikaanza ule wa kisimani, taa zikapunguzwa, na yeye akaweza kuona watu. Akaona sare ukutani. Akaniona.

"Nikichelewa kisimani, ni nani atanifuata?"

Kikaja kile kimya chao. Wageni wa mbele wakafumba macho kwa raha. Na kule ukutani kina mama wote, bila kuambizana, wakainamisha vichwa.

Yeye amelelewa palepale nilipolelewa. Alijua vichwa vile vinainamishwa lini. Nilimwona akivitazama kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na nikaona uso wake ukielewa alichokifanya. Kinanda kikamfikia, hakuingia. Mpigaji akarudia, hakuingia. Kwenye albamu nilimvusha mimi pale, kisha mashine ikanifuta. Hapa hakukuwa na wa kumvusha. Akageuza kichwa upande wa kushoto, kama alivyofanya siku ile kwenye magodoro, na pale kushoto hapakuwa na mtu.

Akaishusha maikrofoni. "Dada," akaita. Watu wengine wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. "Dada, itikia."

Neno lilikuwa hapa kooni. Sidanganyi, lilikuwa limeshafika. Ningefungua mdomo tu lingetoka lenyewe, na yeye angeokoka, na kesho yake wangeandika mtandaoni kwamba msanii huyu anajua pia kushirikisha watu wa nyumbani. Na albamu ingebaki vilevile, na shimo langu lingebaki vilevile. Nikafunga mdomo. Mama akanidunga na fimbo kwenye mguu. Sikufungua.

Kukhu akanigeukia. "Unajibu ama hujibu?"

"Aliyekufa hajibu," nikasema, na nilisema kwa sauti, ili mdogo wangu asikie.

Kukhu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na akaikubali. "Basi nafasi iko wazi. Ni nani anachukua?"

Sikutegemea hilo. Hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio cha mdogo wangu, kwa aibu ya prodyuza, kwa wageni kutazamana. Sikujiandaa kumwona mama yangu akiishika fimbo kwa mikono miwili na kusimama.

"Nipo," akaimba, "ninakuja."

Sauti yenyewe ilikuwa ya mlango unaokwaruza sementi. Kifua kilimkatikia katikati ya neno, akalimalizia hivyohivyo. Na kina mama wakainua vichwa, wakaingia wote kwa pamoja, na ule ukumbi ukawa kanisa letu, kelele tupu na miguu chini. Prodyuza alikuwa anapunga mikono awanyamazishe, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Mdogo wangu alishika maikrofoni tena, akauliza swali lililofuata, na mama akamjibu, akilisogelea jukwaa hatua kwa hatua na ule mguu wake mbovu.

Mimi nilitoka nje.

Nilikaa kwenye kuni, juu ya pikapu, na wale kuku chini yangu. Nikalia. Wakati huu sikupiga ukemi. Nilikuwa na hasira na mdogo wangu, na hasira na yule wa ndevu, lakini iliyonitoa machozi ilikuwa ya mama. Yeye ndiye aliyenipa nafasi ile, akaichukua mbele ya watu, nikiwa hai, nimesimama kando yake. Nililia matanga yangu mwenyewe, maana waliokuja kunililia walikuwa ndani wanaimba. Na aliimba vizuri, yule mdogo wangu. Nilimsikia kutoka kule nje. Nalisema kwa kinyongo, lakini nalisema.

Kuku walichinjwa kwangu Jumapili. Obusuma ikasongwa, kina mama wakala, mdogo wangu akaja akala. Tuliongea habari za chumvi tu. Albamu iko vilevile mpaka leo, inauzwa na kile kimya chake, na wale vijana nje ya duka bado wanashika vifua wakifika pale.

Mama amepona mguu, amerudi nyumbani. Siku moja nilimwuliza kukhu kama mtu anaweza kurudishiwa nafasi yake. Akanishangaa kweli. "Si wewe mwenyewe ulituambia umekufa?" Kwa hiyo nikienda Butere Jumapili nakaa na wasikilizaji, katikati ya wanaume na watoto, mikono mapajani. Mdogo wangu hujaga pia, akiwa hana shoo. Wimbo ule ukianza anasimama yeye na mama. Hatusalimiani vizuri bado, na si mimi nitakayeanza. Ila akifika kwenye lile swali, kabla mama hajavuta pumzi, mdogo wangu hugeuza kichwa, anatafuta kwenye viti mpaka anipate. Kila mara. Na mimi hufunga mdomo kwa nguvu, kwa sababu jibu bado hunijia.